Wanaokubaliana Hawahitaji Muungano

Hoja hii imeenea kutoka vijiweni hadi kwenye kumbi za vyuo vikuu, na kila inapopita inajiongezea wafuasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanasema, imegeuka mkusanyiko wa nchi zisizofanana kwa lolote. Mmoja anafanya uchaguzi, mwingine anauigiza, wa tatu anauahirisha kila tarehe inapokaribia. Wanachama wawili wanatuhumiana kwa vita huku bendera zao zikipepea kwenye mlingoti mmoja. Kwa nini basi nchi zenye siasa moja zisijitoe, zikaunda umoja wao na kusonga mbele, wengine wakaachiwa mikutano yao ya Arusha? Mfano unaotajwa haraka ni wa Sahel: Mali, Burkina Faso na Niger zimeipa mgongo ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, na kuunda muungano wao, AES. Video za Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, za kweli na za kughushi, zinapita kila siku kwenye simu za vijana wa Dar es Salaam na Nairobi.

Wazee nao wana toleo lao la hoja hiyohiyo. Ile Jumuiya ya kwanza, wanatukumbusha, iliuawa na itikadi mwaka 1977: Tanzania ya Ujamaa, Kenya ya ubepari, Uganda ya Amin. Mafuta na maji. Funzo lao ni kwamba usichanganye tena. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na wazee wamekosea zaidi kwa sababu walikuwepo.

Tuzitazame tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, na mabenki yakataifishwa mara moja. Kenya ilikuwa imekwisha kuchapisha Waraka wake Na. 10 wa mwaka 1965, uliojiita wa ujamaa wa Kiafrika huku ukiacha mali binafsi na mitaji ya kigeni palepale ilipokuwa. Njia zilikuwa zimeachana mchana kweupe, na kila aliyesoma gazeti alijua. Pamoja na hayo, 6 Juni 1967, miezi minne tu baada ya Azimio, Kenyatta, Nyerere na Obote walikaa Kampala wakatia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itikadi zilizosemwa baadaye kuwa ndizo zilizoua zilikuwepo mezani siku ya kuzaliwa.

Tena mkataba ule haukujifanya hauzioni tofauti. Kwa kuwa viwanda vingi vilikuwa Kenya, Tanzania na Uganda ziliruhusiwa kutoza kodi maalumu bidhaa za viwandani zilizotoka kwa mwenzao. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliagizwa kuelekeza asilimia 38.75 ya uwekezaji wake Tanzania, kiasi hichohicho Uganda, na asilimia 22.5 tu Kenya. Makao makuu yaligawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, sekretarieti Arusha. Hii ilikuwa kazi ya watu waliojua kwamba hawafanani na wakaketi kuhesabu kutofanana kwao mpaka kwenye desimali.

Kilichokuja kuiua ni kingine. Kila nchi ilikuwa na sarafu yake tangu 1966, na udhibiti wa fedha za kigeni ulipobana, ofisi za mikoani za mashirika ya pamoja zikaanza kuzuia mapato yasiende makao makuu. Reli ikakosa fedha za kuendeshea reli. Kodi maalumu na hesabu za benki hazikutosha kumfanya Mtanzania au Mganda aone faida inayolingana na ya jirani yake. Juu ya yote, mamlaka ya mwisho yaliwekwa mikononi mwa watu watatu, marais, ambao ilibidi wakae pamoja. Amin alipompindua Obote Januari 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na kikao hicho cha wakuu hakikufanyika tena. Chombo kizima kikabaki kinaning'inia kwenye uhusiano wa watu watatu. Shirika la ndege lilipovunjika mwanzoni mwa 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Zile kejeli za magazetini, za kumwita mwenzako nyang'au, zilikuwa kelele za ugomvi wa fedha uliokwisha kuiva.

Anayetaka kushikilia kwamba ni itikadi, anieleze habari za Uganda ya 1969. Mwaka huo Obote aliegemea kushoto, akatoa Waraka wa Mwananchi wa Kawaida, na Kampala na Dar es Salaam zikawa karibu kifikra kuliko wakati wowote. Ukaribu huo uliifaa nini Jumuiya? Uliishi muda alioishi Obote Ikulu. Siku moja jeshi lilitangaza kwenye redio, na ule umoja wa fikra ukawa mkimbizi jijini Dar es Salaam.

Kuna jambo jingine ambalo hoja hii haina jibu nalo. Wakati pekee watawala watatu wa Afrika Mashariki walipofanana kwelikweli ni 1963. Wote walitoka kwenye harakati za uhuru, vyama vyao vilikuwa vimekutana katika PAFMECA, umoja wa harakati za uhuru za eneo hili ulioundwa Mwanza mwaka 1958, na 5 Juni 1963 walitangaza Nairobi kwamba wangeunda shirikisho kabla mwaka haujaisha. Halikuundwa. Lakini mwaka 1993 walikaa watu wasiofanana: Moi, Mwinyi na Museveni. Kenya na Uganda zilikuwa zimerushiana risasi Busia mwishoni mwa 1987. Uganda ilikuwa haina vyama, wenzake wawili wametoka tu kuruhusu vyama vingi. Hao ndio walioanzisha tume ya ushirikiano iliyozaa mkataba wa 30 Novemba 1999.

Msomaji makini atanibana hapa: kufikia miaka ya 1990 Ujamaa ulikuwa umekwisha, nchi zote tatu zinafuata soko huria, kwa hiyo walifanana kiuchumi. Ni kweli, na ilirahisisha mambo. Ila mlango wenyewe ulikuwa umefunguliwa mapema zaidi, na waliougusa walikuwa bado wakigombea mabaki. Mkataba wa kugawana mali na madeni uliosuluhishwa na mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, na kutiwa saini Arusha mwaka 1984, ulibeba kipengele cha kuangalia maeneo ya ushirikiano wa baadaye. Jumuiya ya pili ilichipukia ndani ya hati ya talaka ya ile ya kwanza. Na vitu ambavyo havikufa kabisa katikati ya ugomvi ni vile vilivyokuwa na kazi ya kila siku: Benki ya Maendeleo Kampala, chuo cha urubani Soroti, baraza la vyuo vikuu. Hakuna aliyemuuliza rubani mwanafunzi anafuata itikadi gani. (Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya, wale walioandamana mara kadhaa Dar es Salaam wakidai mafao yao, wangeweza kuwaambia vijana wa leo gharama ya kuvunja umoja kwa hasira. Wengi wao wametangulia mbele ya haki.)

Waarabu wa Pemba hujuana kwa vilemba. Kujuana huko hakujazuia ugomvi. Kundi la Casablanca, kwa mfano, lilikutana Januari 1961 likiwa ndilo la wanamapinduzi: Ghana, Guinea, Mali, Misri, Moroko, na serikali ya muda ya Algeria. Walijiona wazito zaidi wa kifikra barani, wakiwatazama wapinzani wao wa kundi la Monrovia kama vibaraka. Oktoba 1963 wanachama wawili wa kundi hilo, Moroko na Algeria, walipigana vita vya mpaka jangwani. Nani aliwasuluhisha? Mfalme Haile Selassie, ambaye hakuwa mwanamapinduzi kwa kipimo chochote, pamoja na Modibo Keïta wa Mali, jijini Bamako, chini ya kivuli cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliokuwa na umri wa miezi mitano, wenye kila aina ya serikali ndani yake. Ghana, Guinea na Mali, zilizokuwa zimekwisha kutangaza muungano wao wenyewe wa nchi tatu, hazikuacha hata kituo kimoja cha pamoja cha forodha.

Hapa kwetu tuna jaribio letu, na nashangaa jinsi lilivyosahaulika upesi. Juni 2013 marais Kenyatta, Museveni na Kagame walikutana Entebbe, kisha Mombasa, kisha Kigali. Magazeti yakawapa jina la muungano wa wenye utayari. Tanzania ikaonekana mkokotaji, kwa kuwa ilikuwa na maswali kuhusu ardhi, ajira na haraka ya shirikisho la kisiasa. Novemba mwaka huo Rais Kikwete alisimama bungeni Dodoma kueleza kwamba Tanzania haijitoi na haioni sababu ya kutengwa. Mambo fulani yalifanyika na yanastahili sifa: kusafiri kwa kitambulisho cha taifa, viza moja ya utalii, gharama nafuu za simu. Mambo makubwa ndiyo yaliyowashinda. Reli ya kisasa ilikuwa ifike Kampala na Kigali. Mwaka 2019 iliishia Suswa, karibu na Naivasha. Bomba la mafuta ghafi la Uganda lilikubaliwa mwaka 2015 lipite Kenya, na Aprili 2016 Uganda ikachagua Tanga, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, yaani kwa yuleyule mkokotaji. Rwanda nayo ikageukia reli ya Isaka.

Halafu wale wawili waliofanana zaidi kuliko wote, Uganda na Rwanda, serikali zenye mizizi katika msitu mmoja na maofisa waliopigana bega kwa bega, wakafungiana mpaka. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwishoni mwa Januari 2022. Kabla ya hapo majeshi yao yalikuwa yamepigana Kisangani, mwaka 1999 na tena 2000, kwenye ardhi ya watu wengine. Mafahali wawili, zizi moja. Wanaofanana hugombea kitu kilekile, na hapana mkubwa wala mdogo wa kumwambia mwenzake basi.

Sasa geuza upande wa pili. Nchi za Mstari wa Mbele zilikuwa na nini cha kufanana? Msumbiji na Angola zilikuwa za Kimarx. Zambia ilifuata ubinadamu wa Kaunda. Botswana ya Seretse Khama ilikuwa nchi ya vyama vingi, ya almasi na ya soko. Tanzania ilikuwa na chama kimoja na vijiji vyake. Walikubaliana jambo moja, kwamba utawala wa walowezi kusini mwa Afrika uondoke, wakalitenda. Aprili 1980 Lusaka walipoanzisha SADCC waliwaingiza pia wafalme wa Lesotho na Swaziland, na Malawi ya Kamuzu Banda, iliyokuwa na uhusiano wa kibalozi na Pretoria. Hebu fikiri: umoja wa kupunguza utegemezi kwa makaburu unamkaribisha rafiki wa makaburu. Angepimwa kwa fikra asingepita mlangoni. Wao waliangalia kwamba reli haijui siasa, wakagawana kazi: Msumbiji uchukuzi, Angola nishati, Tanzania viwanda, Zimbabwe usalama wa chakula. Msumbiji ilipobanwa hadi kutia saini makubaliano ya Nkomati na Afrika Kusini mwaka 1984, wenzake waliumia lakini hawakuifukuza.

Nirudi Sahel, maana najua ndiko mioyo ya wengi iliko. Malalamiko yao dhidi ya ECOWAS yalikuwa na uzito. Vikwazo vya 2022 dhidi ya Mali viliwaumiza raia kabla ya makanali. Baada ya mapinduzi ya Niger, Julai 2023, Nigeria ilikata umeme na ECOWAS ikatishia kupeleka majeshi. Hiyo ndiyo hali iliyozaa Mkataba wa Liptako-Gourma wa Septemba 2023. Nchi tatu zilizotishiwa pamoja zikaapa kulindana. Kwa hilo siwalaumu.

Lakini tuseme pia kilichofuata. Nchi zote tatu hazina bahari. Mizigo yao inapita Dakar, Abidjan, Lomé, Cotonou, bandari za nchi ambazo hazina siasa kama zao. Wamejitoa ECOWAS rasmi Januari 2025, ila bado wanatumia faranga ya CFA ndani ya umoja wa fedha pamoja na walewale waliowaacha. Raia wa Burkina Faso zaidi ya milioni moja wanaishi na kufanya kazi Côte d'Ivoire. Septemba 2025 wapiganaji wa kundi la kijihadi la JNIM walianza kushambulia malori ya mafuta yanayokwenda Bamako kutoka Senegal na Côte d'Ivoire, na mwishoni mwa Oktoba Mali ikafunga shule kwa wiki mbili kwa kukosa mafuta. Wakati kama huo anayekufaa zaidi ni mwenye bandari na barabara, hata kama hampendani. Mwenzako wa fikra, aliye jangwani kama wewe na mwenye vita kama vyako, anakupa pole. Ndiyo maana wakuu wa AES, pamoja na maneno makali yote, walikubali kuendelea kuwapokea raia wa ECOWAS bila viza na kuketi nao kwa mazungumzo Bamako Mei 2025.

Kisha niulize: tunaposema nchi zina fikra moja, fikra za nani? Watu wa Mali hawakuulizwa. Zinazofanana ni fikra za waliomo Ikulu, na hapo pana hatari ambayo mashabiki wa hoja hii hawaitaji. Mpinzani wa Uganda, Dk. Kizza Besigye, alitoweka Nairobi Novemba 2024, na siku chache baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Mei 2025 mwanasiasa wa Kenya, Martha Karua, alikuja Dar es Salaam kufuatilia kesi ya mpinzani wa Tanzania, Tundu Lissu, akarudishwa kutoka uwanja wa ndege. Katika mambo ya namna hii serikali zetu hazina tofauti za kifikra hata kidogo. Zinaelewana vizuri mno. Sisi raia hatuhitaji kuwasaidia waelewane zaidi. Tunahitaji mahali ambapo mmoja wao anaweza kuulizwa na asiye wake. Mahali hapo, pamoja na udhaifu wake, pameanza kupatikana katika Mahakama ya Afrika Mashariki Arusha, ambako mwaka 2014 shirika la Kenya liliishinda serikali ya Tanzania katika kesi ya barabara ya kupita kaskazini mwa Serengeti, na ambako wanaharakati Boniface Mwangi na Agather Atuhaire walifungua kesi yao mwaka 2025 kuhusu yaliyowapata Dar es Salaam. Umoja wa wenye fikra moja ungejengaje mahakama ya namna hiyo? Ungekuwa wa kwanza kuifunga.

Pingamizi zito kuliko yote ni Kongo, na sitalikwepa. Kongo na Rwanda ni wanachama wa Jumuiya moja. Kikosi cha Jumuiya kilikwenda Kivu mwishoni mwa 2022, kikaondoka Desemba 2023 bila Kinshasa kukiongezea muda, na waasi wa M23 wakaja kuichukua Goma Januari 2025. Ni aibu, na asiyeiona amefunga macho. Lakini dawa inayopendekezwa ni ipi? Kwamba Kongo iondoke, au Rwanda? Mpaka wa Goma na Gisenyi utabaki palepale, na watu wanaovuka kila asubuhi na ndoo za nyanya watabaki palepale, ila safari hii serikali mbili zitakuwa hazina hata chumba cha kukutania. Kikao cha ukoo huitwa ndugu wanapogombea shamba. Wanapopatana kila mtu yuko kwake. Februari 2025 Jumuiya yetu na ile ya kusini mwa Afrika, SADC, ziliwaketisha marais wa Kongo na Rwanda Dar es Salaam, mmoja mwenyewe ukumbini, mwingine kwa njia ya mtandao. Hawakupatana siku hiyo. Katika muungano wa wenye fikra moja wasingealikwa wote wawili.

Wenye haraka pia hawajanyimwa njia. Mkataba wa 1999 unaruhusu baadhi ya wanachama kutangulia katika jambo fulani wenzao wakifuata baadaye, na mahakama ya Arusha ilitoa ushauri mwaka 2009 kwamba ruhusa hiyo haigongani na kanuni ya maafikiano. Kwa maana hiyo viza ya pamoja ya 2014 haikuhitaji klabu ya marais. Nchi tatu zilizo tayari kwa jambo moja zitangulie katika hilo, mlango ukiwa wazi, na kesho nchi nyingine tatu zitangulie katika lingine. Tatizo linaanza pale utayari wa kazi unapogeuzwa cheti cha usafi wa siasa.

Kama bado kuna anayeutaka muungano huo hapa kwetu, aanze kwa kututajia wanachama. Tanzania na Kenya? Za mwaka gani? Mwishoni mwa 2017 tulichoma vifaranga 6,400 vya Kenya Namanga. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu. Mei mwaka huohuo Rais Samia alipokelewa Nairobi kwa shangwe. Barabara ya Namanga haikusogea hata hatua moja katika miaka hiyo. Waliobadilika ni wakaaji wa Ikulu. Uganda na Kenya? Desemba 2023 Uganda iliishtaki Kenya Arusha kuhusu leseni ya kuingiza mafuta. Burundi na Rwanda? Orodha hiyo ikipatikana niletewe. Wakati tunaisubiri, kuna wanachama wanaodaiwa malimbikizo ya michango ya miaka kadhaa, kuna kanuni ya kuchangia sawasawa inayoibana Burundi kiasi kilekile inachotozwa Kenya, kuna sarafu moja iliyoahidiwa 2024 na kusogezwa hadi 2031, na kuna utaratibu unaoiruhusu nchi moja kukwamisha uamuzi wa wote kwa kutotokea tu kikaoni, kama ilivyokuwa 1971.